Harufu ya Gesi ni Haki ya Jirani



Ndugu zangu, na kina mama mnaotusikiliza kutoka ghorofa ya juu, tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha Ijumaa nyingine tukiwa wazima, na tumswalie Mtume wetu Muhammad, rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake na masahaba zake. Kabla ya khutba nataka tuzungumze juu ya mtungi wa gesi. Naona vijana wa safu ya nyuma wanatazamana. Tulieni. Dini iliyotufundisha mguu wa kutanguliza tunapoingia chooni haiwezi kukosa neno juu ya kitu tunacholala nacho chumba kimoja.

Mnaukumbuka mlipuko wa Mradi, kule Embakasi, Nairobi. Ilikuwa Alhamisi tarehe 1 Februari 2024, na kwa hesabu yetu usiku wa Ijumaa ulikuwa umeshaingia, mwezi wa Rajab, mwaka 1445. Saa tano na nusu hivi za usiku lori lililobeba gesi lililipuka katikati ya makazi ya watu. Gesi ilivuja kwanza, ikatanda, kisha moto ukaipata. Ghala la nguo la Oriental liliteketea, magari yakateketea, nyumba za watu zikashika. Asubuhi ya Ijumaa tuliambiwa watatu wamefariki, na siku zilizofuata idadi ikapanda. Waliojeruhiwa walipita 270, wakapelekwa hospitali za Mama Lucy, Kenyatta na kwingineko. Baadaye EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, ikaeleza kwamba maombi ya kuweka kituo cha gesi mahali pale ilikuwa imeyakataa mara tatu mwaka 2023, mwezi wa Machi, wa Juni na wa Julai, na moja ya sababu ni kwamba watu wanaishi karibu mno. Maombi yalikataliwa, gesi ikaendelea kuwepo. Maafisa wa NEMA, mamlaka ya mazingira, wakasimamishwa kazi kwa ajili ya leseni waliyokuwa wameitoa.

Hayo ni ya wenye dhamana, na wenye dhamana wataulizwa, hapa au mbele ya Mola wao. Mimi leo nina nyinyi mbele yangu: watu wa Umoja, Kayole, Pipeline, Tassia, Donholm, Huruma. Tunakaa kwenye ploti za ghorofa tano, sita, saba. Kila sakafu ina milango minane au kumi, na nyuma ya kila mlango kuna mtungi wa kilo 6 uliosimama hatua mbili kutoka kitandani. Gesi iliyomo ni ileile iliyokuwa kwenye lori.

Tuijue kwanza. Gesi ya kupikia ni propani na butani zilizoshindiliwa mpaka zikawa maji ndani ya chuma. Ukiutikisa mtungi utasikia maji yakicheza. Yakitoka nje hupanuka, na lita moja ya maji yale huwa zaidi ya lita 200 za gesi. Kwa asili yake haina harufu. Ile harufu mbaya kama ya kabeji iliyooza imetiwa kusudi na waliotengeneza, ili mwenye pua aonywe mapema. Hebu tafakarini: kuna mtu asiyekujua, wala hutamwona maisha yako yote, aliyefikiria usingizi wako na wa wanao akaitia gesi harufu. Kisha wewe unainusa, unafungua dirisha kidogo, unaendelea kukaanga vitunguu.

Na gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu kama moshi. Hutambaa sakafuni, huingia chini ya kitanda ambapo mtoto amelala kwenye godoro, hupenya chini ya mlango, hushuka ngazi mpaka kwa mtu wa chini ambaye hata mtungi hana. Kwa hiyo kile kidirisha cha juu peke yake hakitoshi, lazima mlango ufunguliwe. Ikifika kiasi cha sehemu 2 tu katika 100 za hewa ya chumba, cheche moja inatosha. Na cheche si lazima iwe ya kiberiti. Swichi ya taa hutoa cheche ukiiwasha, na hutoa ukiizima. Friji hutoa yenyewe inapojiwasha. Kengele ya mlango hutoa. Pikipiki ya kijana wa boda anayekusubiri mlangoni hutoa.

Basi ukinusa, usiguse swichi yoyote. Taa inayowaka iache iwake. Iliyozimwa, kaa gizani. Usiwashe kitu, wala udi wa Ijumaa kwenye chetezo. Funga gesi pale kwenye mtungi ikiwa mkono wako unafika bila kuhangaika. Fungua mlango na madirisha yote. Toa watoto, toa wazee, na wewe utoke. Gonga milango ya majirani kwa mkono, usibonyeze kengele. Mtungi usiuburute ngazini kuupeleka chini, maana utakuwa unaitembeza gesi mlango kwa mlango. Ukifika nje, mbali na jengo, hapo ndipo utoe simu upige 999 au 112. Na ukishatoka, usirudi kwa ajili ya kitambulisho, wala kwa cheti cha mtihani, wala kwa pesa za chama zilizo chini ya godoro. Huduma Centre watakupa kitambulisho kingine.

Ikiwa moto umeshashika pale kwenye mdomo wa mtungi, nao ni mdogo, na kifungio unakifikia, kifunge. Moto utakufa kwa kukosa gesi. Usipoweza kukifunga, uuache moto na ukimbie. Kuupuliza ukazimika huku gesi inaendelea kutoka ni kujitafutia balaa kubwa kuliko ule moto.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliletewa habari ya nyumba moja Madina iliyoungua usiku pamoja na waliokuwamo. Bukhari na Muslim wameipokea kwa Abu Musa.  Aliwaambia watu kwamba moto huu ni adui yao, na wanapolala wauzime. Katika mafundisho mengine aliamrisha taa zizimwe usiku na vyombo vifunikwe, akataja mpaka sababu: panya anaweza kuuvuta utambi akawachomea watu nyumba. Panya! Mjumbe wa Mwenyezi Mungu, anayeshushiwa wahyi, anawaeleza watu mwendo wa panya na utambi. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba kukagua mpira wa gesi kabla ya kulala ni mambo ya Wazungu.

Na kukagua kwenyewe ni rahisi. Chukua povu la sabuni ya vyombo, lipake kwenye maungio na kwenye mpira, ufungue gesi kidogo, utazame. Povu likichemka, panavuja. Mtu asikague kwa kiberiti, na nasema hivi kwa kuwa wapo wanaokagua kwa kiberiti, na mshumaa pia.

Sasa nije kwenye lile hasa nililolikusudia.

Katika mitaa yetu uvujaji huanza kama jambo dogo, halafu mtu anauficha. Dada wa kazi anasikia harufu tangu asubuhi. Hasemi, kwa sababu wiki iliyopita alivunja sahani akatukanwa mpaka mama yake mzazi akaguswa. Mtoto amemwaga mafuta taa nyuma ya kabati, amefunika kwa gazeti, anaogopa mkanda. Mpangaji anajua mpira wake umepasuka, lakini keateka, msimamizi wa ploti, alishamwonya juu ya mambo mengine, na hataki aonekane msumbufu kwa landilodi. Mume amenunua mtungi wa bei nafuu uliojazwa uchochoroni, na sasa unatoa sauti ya kuzomea. Akisema, mkewe atamuuliza risiti. Kila mmoja wao ana sababu yake, na sababu zote ni aibu au woga. Gesi haisubiri mtu amalize aibu yake.

Anas bin Malik, Mwenyezi Mungu amridhie, alimtumikia Mtume miaka kumi. Alikuwa mtoto alipoanza. Anasimulia kwamba katika miaka yote ile hakuwahi kuguniwa, wala kuulizwa kwa ukali kwa nini amefanya hili au ameacha lile. Tumezoea kuitaja hadithi hii tunaposifu upole, na ni kweli ni upole. Lakini mimi naisoma pia kama habari ya usalama wa nyumba. Mtumishi asiyeogopa kukaripiwa ndiye atakayekuja mbio kukwambia, "Mama, jikoni kuna harufu." Anayeogopa atanyamaza mpaka wewe mwenyewe uje uwashe taa.

Kwa hiyo baba, mama, leo jioni mkirudi nyumbani waiteni watoto na dada wa kazi. Waambieni wazi kwamba atakayesema amemwaga, amevunja au amesikia harufu, siku hiyo hagombezwi. Atashukuriwa kwanza. Kama kuna maneno ya kuambiana, yatangoja mpaka kila mtu awe nje anapumua. Na mkisema hivyo, tekelezeni, kwa sababu watoto husahau ahadi nyingi lakini hiyo moja wataikumbuka.

Jirani naye ana haki hiyohiyo. Katika Sahihi ya Bukhari, kutoka kwa Nu'man bin Bashir, Mtume alipiga mfano wa watu waliogawana jahazi kwa kura. Wengine walipata juu, wengine chini. Wa chini wakitaka maji ilibidi wapite kwa wa juu, wakaona wanawasumbua, wakasema heri watoboe tundu sehemu yao wenyewe wapate maji hapo hapo. Wakiachwa watoboe, wote wataangamia. Wakizuiwa, wote wataokoka. Mwenye kukaa ploti anaielewa hadithi hii kuliko mwenye jumba lake katika mtaa wa kitajiri wa Karen. Ukuta kati yako na jirani ni tofali moja. Anachopika unakinusa, anapogombana na mkewe unasikia, na gesi yake ni yako.

Ila kuna kitu wengi tunakipita haraka katika mfano ule. Wale wa chini hawakutaka kutoboa kwa uovu. Walitaka maji, na waliona haya kuwasumbua wa juu. Basi wa juu nao wajiulize waliwatazama vipi wenzao walipopita na ndoo zao. Landilodi akipigiwa simu usiku kwamba ngazini kuna harufu, akajibu "mmezoea kulalamika," huyo ameshiriki kulitoboa jahazi.

Wazee mnaukumbuka moto wa mtaa wa Sinai, pale Lunga Lunga. Jumatatu tarehe 12 Septemba 2011, asubuhi, petroli ilivuja kutoka kwenye mitambo ya Kenya Pipeline ikaingia mtaroni, ikapita katikati ya vibanda kuelekea mtoni. Watu wakatoka na ndoo, sufuria na jerikani. Moto ulipowaka, zaidi ya watu 100 walikufa. Nimesikia watu wakisema, hata ndani ya misikiti, kwamba waliuawa na tamaa. Tuwe na adabu na maiti. Mtu anayelipa kodi ya kibanda kwa vibarua vya siku, akipitishiwa mbele ya mlango kitu chenye thamani kuliko mshahara wake wa wiki, si wa kuhukumiwa na mimi niliyekula chai na mkate. Wengine hata hawakwenda kuteka. Moto uliwafuata nyumbani. Swali langu ni jingine. Kati ya dakika petroli ilipoanza kutoka na dakika ilipowaka, nani aliyejua alimfikia nani asiyejua? Mvuke wa petroli nao ni mzito, hukaa chini na kusafiri. Unaweza kuwa umesimama mbali na mtaro na bado umesimama ndani yake. Ukiona petroli inatiririka, gari limepinduka au bomba limepasuka, usiiendee. Ondoka kwa upande upepo unakotokea, na njiani mwambie kila unayekutana naye.

Niguse haraka mengine yaliyomo majumbani, kwa sababu uvujaji si wa gesi pekee.

Choo cha kushirikiana. Tunakisafisha kwa bidii, hasa Ramadhani ikikaribia, na hilo ni jema. Lakini mtu humimina Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, akaona doa halitoki, akaongeza asidi ya choo juu yake. Vikikutana hutoa klorini, gesi ileile ambayo Wajerumani waliwafungulia wenzao kwenye vita kule Ypres, tarehe 22 Aprili 1915. Kile ni choo cha mita moja kwa mita moja na nusu, mlango umefungwa, na wewe umeinama na brashi. Macho yakianza kuwasha na kifua kikabana, toka hapo hapo. Usirudi kumwaga maji wala kuchukua ndoo. Acha mlango wazi, zuia watoto wasiingie, nenda kwenye hewa, na pumzi ikiendelea kubana nenda hospitali hata kama umepata nafuu kidogo, kwa sababu klorini huweza kuliharibu pafu baada ya saa kadhaa. Jik na amonia pia si vya kuchanganywa. Dawa moja, kisha maji mengi, basi.

Chupa za soda. Tunanunua mafuta taa ya kupima, tunanunua asidi ya kupima, tunanunua dawa ya kunguni ya kupima, na vyote tunavitia kwenye chupa ya soda iliyomzoeza mtoto utamu. Mtoto akinywa mafuta taa, usimtapishe. Usimpe maziwa ili atapike, wala maji ya chumvi, wala kumtia kidole kooni. Mafuta yakipanda tena huingia kwenye mapafu, na hapo ndipo huua. Asidi ikirudi juu huchoma koo mara ya pili. Mchukue mtoto na chupa yenyewe mpeleke hospitali. Na ukifika kwa daktari, sema kweli. Nimeambiwa na wauguzi zaidi ya mmoja kwamba mama hufika akisema mtoto "ameanza tu kukohoa," kwa kuogopa kuonekana mzembe mbele ya mama mkwe aliyefuatana naye. Daktari anatibu kikohozi, naye mtoto ana sumu.

Asidi au dawa ikikumwagikia mwilini, vua nguo iliyolowa upesi, jirani atakupa shuka la kujisitiri, ujimwagie maji safi mengi kwa dakika 20 au zaidi. Jicho vivyo hivyo. Si dawa ya meno, si yai, si unga. Najua mtaniuliza maji yatoke wapi, na sisi bomba linatoka siku mbili kwa wiki. Ndiyo sababu jerikani moja ya lita 20 iwekwe kando, isiguswe kwa kufua, na anayeigusa aijaze.

Na baridi ya Juni na Julai ikija, jiko la makaa lisiingizwe chumbani mlango ukifungwa. Gesi ya kupikia walau imetiwa harufu. Hii ya makaa, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na haimwamshi mtu. Kichwa kinauma, mwili unalegea, unadhani ni uchovu wa kazi. Ukimkuta mwenzako hivyo, mtoe nje kwenye hewa kabla ya kitu kingine chochote, na wewe usikae humo ukimsomea. Utamsomea nje.

Kuna ndugu atasema: ajali haina kinga, na ajali ya mtu imeandikwa. Umar bin al-Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa njiani kwenda Sham akafika mahali panapoitwa Sargh, akaambiwa tauni imeingia mbele. Akashauriana na masahaba, akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuelekea kadari ya Mwenyezi Mungu. Jibu hilo linatosha. Lakini kisa hakikuishia hapo. Abdurrahman bin Auf hakuwepo kwenye mashauriano. Alipofika akasema yeye ana elimu juu ya jambo hili, alimsikia Mtume akikataza kuingia nchi yenye tauni na kukataza kuikimbia mtu akiwa ndani yake. Umar akamshukuru Mwenyezi Mungu. Mtu mmoja aliyekuwa na habari hakuona haya kuwaeleza wakubwa, na mkubwa hakuona vibaya kuambiwa.

Kwa wenzetu wanaouza gesi, na wapo humu, nina neno fupi. Kanuni za gesi za mwaka 2019 zimekataza kujaza mtungi wa kampuni nyingine bila idhini ya mwenyewe. Ukiachilia sheria, dini ina lake. Mtume alisema mwenye kujitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu, akidhuru, atabeba dhamana. Abu Daud ameipokea. Wanazuoni wameipima kazi nyingine juu ya hiyo. Kijana anayemimina gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo nyuma ya kibanda, hana mizani, hajui ameujaza mpaka wapi, kisha anampelekea mjane wa ghorofa ya nne, atalipa nini siku dhamana ikidaiwa? Na wewe unayeuza halali, mpelekee mteja mtungi, uukague palepale kwa povu, umtazamie kile kipete cha mpira ndani ya mdomo kama kipo. Dakika mbili hizo ni sehemu ya bei. Na wanunuzi nao, mtungi unaokaribia kwisha tusiulaze wala tusiupindue ili "kuukamua," kwa sababu hapo yanayotoka ni maji ya gesi, na moto wake ni mwingine kabisa.

Tumezungumza na kamati ya msikiti, na haya yamekubaliwa. Spika ya msikiti itatumika kutangaza hatari ya gesi au moto saa yoyote ya usiku. Mwadhini anakaa hapa nyuma. Mgongeeni bila kuona haya. Pili, kesho Jumamosi baada ya Alasiri vijana wa madrasa watakwenda wawili wawili kwa wazee wanaoishi peke yao, na kina dada watakwenda kwa kina bibi, wakague mipira kwa povu. Atakayekutwa na mpira uliochakaa, mfuko wa sadaka utamnunulia mwingine, na jina lake halitatajwa hapa. Wanaojua wazee wa ploti zao, waache kwa katibu namba ya mlango tu.

Limebaki la mageti, maana anayekimbia gesi lazima apate pa kutokea. Ploti nyingi hufungwa saa nne usiku, na ufunguo hulala mfukoni mwa keateka mmoja ambaye pengine amekwenda kwao Ijumaa. Madirisha yana vyuma, mlango wa paa una kufuli. Wenye ploti, na nawaona watatu safu ya mbele, tukimaliza swala tukutane pale kwenye rafu ya viatu. Nataka kujua kila geti lina funguo ngapi, na nani wanazo.